Vidole Kumi vya Papa DN

Kuna watu wanaokusimulia mateso yao ili uwahurumie. Papa DN alitusimulia ya kwake ili tumwonee wivu. Alikuwa directeur de nursing, mkuu wa wauguzi wote wa hospitali yetu, na kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumsikia akitaja kijiji cha babu yake wala jina la mama yake. Ukimwuliza ametoka wapi, alikujibu alipigwa na nani.

Aliyempiga alikuwa baba yake mdogo, mtu wa reli, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Huyo baba mdogo tulimjua kuliko tunavyowajua majirani zetu. Tulijua mkanda wake ulikuwa na bizimu ya shaba, na kwamba mtoto aliyechelewa kurudi na maji alipigishwa magoti juu ya kokoto za reli mpaka ngozi ichubuke. Tulijua hayo kwa sababu ya rapport. Kila asubuhi wauguzi waliokuwa zamu ya usiku husimama mbele ya wenzao na kueleza wagonjwa wameamkaje, na hapo ndipo Papa DN alipopata mimbari yake. Muuguzi akisema amechoka, tulipelekwa kwenye kokoto. Akisema hakupata muda wa kula, tulipelekwa kwenye sufuria ambayo watoto wa nyumba ile waliiramba baada ya mbwa kushiba.

"Tofari bila moto ni matope," alikuwa akisema, kidole juu. "Miye balinichoma, njo maana muko munaniona hivi."

Haya, tulimwonaje? Mtu mfupi, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata Oktoba jua linapoua, viatu vinang'aa, macho mekundu kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Presha yake ilishinda ya nusu ya wagonjwa tuliowalaza. Kama hilo ndilo tofali lililoiva, nilijisemea, basi heri matope.

Mimi sikumpenda, na nalisema mapema ili msisome mkitafuta huruma ambayo sina. Wazazi wangu walitoka Butembo, wauzaji wa jumla, wakanilea nyuma ya magunia ya maharage na katoni za sabuni, na hakuna aliyewahi kuninyanyulia mkono. Nilikula, nikasoma, nikaimba kwaya. Kwa Papa DN hilo lilikuwa kosa la kazi. Aliniita "mutoto ya magazini", mtoto wa dukani, hata mbele ya wagonjwa. Nikidunga mtoto sindano asilie, alisema ni bahati tu. Nikikosea, alicheka na kuwaambia wengine kwamba walionyonya maziwa mengi huwa na mikono laini.

Alikula amesimama. Mkewe alimpakulia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye bakuli lenye kifuniko, naye alikula ofisini, mgongo ukutani, uso mlangoni, mbiombio, kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya. Ukiingia, alifunika bakuli na kukuuliza shida yako huku shavu limejaa. Droo za meza yake zilikuwa na mikate. Mingine imekauka, mingine imeota ukungu, na siku mama mfagiaji alipojaribu kuitupa aliitiwa kikao kizima. Tulicheka mpaka machozi. Mkubwa mzima, mwenye shamba Lukafu linalomletea mahindi ya kujaza ghala, anaficha mkate! Wenzangu walimwita Panya, nami sikuwakataza.

Na mhubiri huyu wa fimbo hakuweza kusikia mtoto akilia. Siku za chanjo, watoto wanapoanza kuitikiana mmoja baada ya mwingine, Papa DN alikumbuka jenereta. Alitoka nje, akaizunguka, akaigonga gonga, akarudi ua umenyamaza. Sidhani kama kuna jenereta Lubumbashi nzima iliyokaguliwa kama ile, na wala haikuwa kazi yake. Mlango ukibamizwa na upepo, mikono yake iliruka kichwani, kisha akajifanya anajikuna. Tulikuwa tunaubamiza kusudi. Wauguzi ni watu wabaya wakichoka.

Nikisema hakuwa na wema wowote nitakuwa mwongo, na yeye hastahili mimi nikaungame dhambi kwa ajili yake. Mwenzetu wa famasi alipofiwa na mume, Papa DN ndiye aliyefika wa kwanza. Alifunga turubai kwa mikono yake mwenyewe, akaleta unga na makaa, akakaa na wanaume kwenye mkeka mpaka siku ya kuzika, na siku zote hizo hakumtaja baba mdogo. Mjane alipowaambia watu amepata ndugu, hata mimi niliamini. Aliporudi kazini akachelewa kidogo, kwa kuwa sasa watoto aliwapeleka shule peke yake, Papa DN alimsimamisha rapport nzima, na nguo zake nyeusi. Akikupa kwa mkono wa kulia, ujue wa kushoto unatafuta mkanda.

Lakini yote hayo ningeyasamehe, au walau ningeyasahau. Nisilolisamehe ni la vidole.

Walitutumia mwalimu kutoka chuo kikuu, Madame mmoja mpole, daktari wa mambo ya akili, aje atufundishe kwa nini watumishi wa hospitali wanachoka mpaka wanavunjika. Tulikaa kwenye ukumbi, Papa DN mbele kabisa, mikono kifuani. Madame akaeleza kwamba uchovu wa mtu mzima mara nyingine huanzia utotoni. Akasema atataja mambo kumi yanayoumiza mtoto: kupigwa mpaka alama ibaki, kulala njaa, kutukanwa kila siku, kuachwa, na mengine mazito zaidi.

"Muhesabu mu roho," akasema. "Kila kintu chenye kilikufikia mu butoto, unyooshe kidole kimoya, chini ya meza. Hakuna mwenye ataangalia."

Alitaja la kumi. Papa DN akasimama. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vyote vimetanuka.

"Dix sur dix!" akasema, na akageuka ili tumwone vizuri. "Nani mwingine? Nani amenifikia?"

Baadhi yetu tulicheka. Madame hakucheka. "Papa, haiko mutihani," akamwambia taratibu. Akaeleza kwamba wenye vidole vingi ndio wa kuangaliwa kwanza, kwa sababu mzigo wa kazi unawakuta tayari wamebeba mwingine, na wasiposaidiwa wataanguka mapema. Papa DN alitikisa kichwa kwa kukubali, tena mara nyingi, kama mwanafunzi hodari. Alikuwa ameelewa kinyume chake kabisa.

Kesho yake kwenye rapport akatuuliza mmoja mmoja, mbele ya wote, vidole vingapi. Wajanja walidanganya. Mimi nilisema ukweli, kwamba hakuna, akanibatiza Zéro na kunipeleka kwenye chumba cha chanjo, kazi ya kukaa kitini. Ndipo akafika kwa Béa.

Béa alikuwa muuguzi wa pale pale, mwenzangu tangu siku nilipoanza, mwanamke wa maneno machache asiyejua kudanganya. Ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikuwa nyororo na imevutwa mpaka kwenye kiwiko. Watu wote aliwaambia ni mafuta ya kukaangia beignets, yaani maandazi. Mimi aliwahi kuniambia, tukibambua karanga nyumbani kwangu, kwamba yalikuwa maji ya moto, na kwamba hayakumwagika yenyewe. Mama yake wa kambo aliushika mkono ule na kuutia kwenye sufuria.

"Saba, Papa," akasema, sauti chini.

"Voilà muntu!" Papa DN akazunguka meza, akampa mkono. Hakuwahi kumpa mtu mkono kwenye rapport. Béa akatabasamu, maskini, kwa kuwa hakuzoea kusifiwa. "Mumuone huyu. Ule mwenye aliisha kuona moto, moto haimutishe tena." Akampeleka kwenye chumba cha watoto walioungua, bila tarehe ya kurudi.

Wenyeji wanajua maana yake. Baridi ya Juni ikishaingia, kila nyumba inaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani, makaa yanawaka katikati ya chumba, na watoto wanacheza kando yake. Chumba kile kinajaa mpaka wanalala wawili wawili. Na pansement, yaani kusafisha na kufunga kidonda cha moto, haifanywi kwa maneno: bandeji ya jana imegandana na nyama, lazima itolewe, na mtoto anajua ukifika na sinia unakuja kufanya nini. Hata muuguzi aliyelelewa kwa asali huomba kubadilishwa baada ya muda. Tulikuwa na desturi ya kupokezana pale, na Papa DN aliifuta kwa sababu ya vidole.

Béa aliacha kula nyama kwa ajili ya harufu. Kisha akaacha kula karibu kila kitu. Nilimwona akinawa mkono wa kushoto, anafunga bomba, analifungua tena, ananawa. Nikamwambia twende kwa mkubwa, mimi na yeye, tuombe aondolewe kwenye chumba kile. Alipoingia ofisini alipiga magoti na kupiga makofi ya taratibu, kama tunavyofanya kwa mzee tunayemwomba.

"Papa, naomba unitoshe kule. Unitume fasi yoyote, hata kufula mashuka. Pale nitakufa."

"Simama. Weye uko saba. Saba! Nikikutosha weye, nitatia nani? Huyu Zéro?"

"Unitie miye, Papa," nikasema. "Nitaanza leo."

Alinicheka usoni. "Weye? Utaanguka na pansement ya kwanza. Ile kazi iko ya bantu benye balipigwa."

"Papa, sipate usingizi," Béa akasema, bado yuko magotini.

"Miye sipatake usingizi tangu butoto," Papa DN akajibu. "Na ona, niko DN."

Alisema hivyo kwa fahari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini huyu alikuwa na mzigo uleule mgongoni na bado hakuujua uzito wake. Nilitoka ofisini nikimdharau kama sijawahi kumdharau mtu.

Wiki chache baadaye akaletwa msichana mdogo. Shangazi yake alisema ameanguka kwenye sufuria. Mkono mmoja tu ulikuwa umeungua, na alama ilizunguka juu ya kifundo sawasawa, kama mpaka wa glavu. Kila muuguzi anajua kwamba mtoto anayeanguka hurusha maji kila upande. Béa aliandaa sinia, akashika pensi, kibano cha kutolea bandeji, akaufungua mkono ule, akaganda. Hakulia wala hakuanguka. Alisimama na pensi hewani, macho wazi, na mtoto akapiga kelele mpaka mimi nikaacha chanjo zangu nikakimbia.

Papa DN alifika mlangoni wakati uleule. Aliuona mkono wa mtoto. Alimwona Béa. Nilimwita, "Papa, ukuye utusaidie!" Alinitazama, midomo ikicheza bila sauti, kisha akageuka akaenda zake. Dirishani nikamwona anaizunguka jenereta.

Nilimaliza pansement mwenyewe, kwa mikono yangu laini, na sikuanguka. Nilipogeuka, Béa hayupo. Alikuwa ametoka na blauzi yake nyeupe ya kazi mwilini, akapita getini, akapanda pikipiki, akaenda kwa dada yake. Hakurudi tena. Na mtu yule yule aliyekimbilia jenereta aliandika kwamba Béa amekimbia kazi. Abandon de poste, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala.

Mnaofanya kazi hii mnajua uzito wa neno hilo. Zahanati zote alizoomba kazi ziliuliza alikotoka, na walipouliza kwetu walijibiwa alikimbia wagonjwa. Akabaki kwa dada yake, anafua, anapika, anachunga watoto wa watu. Nikienda kumsalimia, swali lake lilikuwa moja tu: "Bado banasema nilikimbia?" Hakutaka kitu kingine maishani ila kuvaa blauzi ile tena na kuonekana hakukimbia. Mimi nilimjibu wanasema mengi, nikabadilisha mazungumzo, na nikarudi nyumbani nikimlaani Papa DN njia nzima.

Naye akastaafu. Akaja DN mpya, mama mwenye akili ya kusikiliza. Nikamweleza yote, hata magoti. Akaniambia ananiamini, ila mimi ni rafiki wa Béa na neno langu halifuti la mkubwa. "Ule Papa aniambie mwenyewe kama aliomba na yeye akakatala," akasema. "Akisema vile, ninamurudisha, na ninamutia ku CPN." CPN ni kliniki ya wajawazito, chumba chenye madirisha makubwa na wanawake wanaocheka.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, nikaenda Bel-Air, nyumbani kwa Papa DN. Njiani nilipanga matusi yangu, lipi lianze na lipi lifuate. Nilikuwa nimeyatunza miaka.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba, umewekwa juu ya stuli. Sukari ilikuwa imemkausha. Shati bado limefungwa mpaka kooni, lakini shingo ilielea ndani yake.

"Mutoto ya magazini!" akasema, na nikashangaa kuona amefurahi. "Mama, lete kiti," akamwita mkewe, kisha akanigeukia. "Karibu, Mama Nadine."

Nilikaa, nikamjulia hali kama adabu inavyotaka, kisha nikamwambia kilichonileta. Alisikiliza akitazama mguu wake.

"Unataka niseme nilikosa."

"Nataka useme tu kama alikuomba na ukakatala."

"Ni kimoya," akasema.

Jikoni mkewe alikuwa akisonga bukari. Nilitafuta tusi la kwanza, na kabla sijalipata yeye akaanza kusema, polepole, si kwa sauti ile ya rapport.

"Sikia, Mama Nadine. Baba mudogo alikuwa ananipiga, na miye najiambia: ananitengeneza. Kila siku najiambia vile. Ananitengeneza, nitakuwa muntu. Na nikakuwa muntu. Sasa weye unakuya kuniambia ile moto haikumutengeneza Béa. Ilimuharibisha tu. Kama ni vile, baba mudogo alikuwa anafanya nini na miye?"

Sikuwa na muda wa baba mdogo. Nilikuwa nimemsikia miaka mingi mno, na Béa alikuwa akisubiri kwa dada yake. Nikampigia DN mpya, nikamwekea mzee simu mkononi. "Ongea, Papa," nikamwambia, na sikuwa na heshima yoyote sautini.

Aliiangalia simu. Nilidhani ataitupa. Kisha akauteremsha mguu kutoka kwenye stuli, akasimama kwa shida, akashikilia mgongo wa kiti.

"Madame DN, ni miye wa zamani," akasema. "Ule Mama Béa hakukimbia. Aliniomba nimutoshe, alipiga magoti mbele ya shahidi, na nilikatala. Nilimuandikia bubaya. Kosa iko yangu." Akasikiliza. "Lundi? Bon. Merci, Madame."

Akanirudishia simu. Béa angeanza Jumatatu. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, na kwa furaha nikataka kukimbia mpaka kwa dada yake na viatu vyangu vya misa. Nikainuka, nikachukua mkoba.

"Mama Nadine," akaniita. Alikuwa bado amesimama, jasho linamtoka. "Sasa ile yangu ilikuwa ya nini?"

Ningeweza kumwambia Mungu peke yake anajua, kama tunavyowaambia wagonjwa tukitaka kutoka chumbani. Lakini nilikumbuka Béa magotini na yeye akicheka, na hasira ikarudi yote. Matusi niliyoyapanga yalikuwa mazuri, ila niliona kuna neno moja litakalomwumiza kuyapita yote, nikalichagua hilo.

"Ya bure, Papa," nikamwambia. "Alikupiga bure. Ulikuwa mutoto tu, haukukosa kintu."

Nilisema ili nimchome. Papa DN alikaa kitini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Merci, mama," akasema. "Hakuna mwenye aliisha kuniambia." Na hakuniachia mpaka mkewe alipokuja kutuita kula.